Diski ya Shule na Amana ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya paredi, mimi ndiye niliyekuwa nikifungua chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa kisiwani Pate. Mwalimu Hesbon alinikabidhi ufunguo tangu nilipoingia Gredi ya Tisa. Naondoa leso kuukuu inayoifunika mashine, nafuta vumbi na unyevu wa chumvi, nawasha betri ya sola, kisha nabonyeza kitufe na kusubiri. Kompyuta zilikuja nne. Tatu ziliuawa na chumvi, ikabaki hiyo moja, kubwa, ya kijivu, yenye kukoroma. Wenzangu waliiita Babu. Nilikuwa na fahari nayo kuliko ilivyonipasa, na fahari hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwanzoni mwa mwaka, Babu alikuwa akiamka kabla sijamaliza kufagia. Kufikia muhula wa tatu tuliweza kwenda paredi, tukaimba wimbo wa taifa, tukasikiliza matangazo yote ya mwalimu mkuu na kurudi, naye bado anakoroma tu. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua jambo wasilolijua.

Siku ya Jumatano kicheko kilikwisha kwa wote. Alama za miradi yetu ya miaka miwili, pamoja na picha zake, zilikuwa ndani ya Babu. Tulikuwa wanafunzi thelathini na wanne. Alama hizo zilitakiwa zifike kwa wasimamizi wa mtihani kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa, na ambaye zake hazikufika angeandikiwa sufuri. Wala hatungeweza kupiga picha upya. Mabanda ya kuku yalikwisha bomolewa, mboga zilikwisha vunwa na kuliwa. Bochaberi, rafiki yangu wa dawati moja, alilima sukuma wiki ndani ya magunia katika udongo huu wetu wa chumvi, akibeba maji ya kisima kwa miezi minane. Sasa magunia yalikuwa matupu. Ushahidi wa kazi yake ulikuwa picha nane tu ndani ya mashine ile.

Mwalimu Hesbon alifungua programu ya alama saa mbili asubuhi. Saa tatu ilikuwa bado haijafunguka. Alijaribu kunakili picha kwenye flashi. Baada ya nusu saa zilikuwa zimepita tatu, kisha mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha, tukaanza tena tulipoanzia. Mwalimu Hesbon ni mtu wa Vihiga, mwalimu wa Kilimo. Alipelekwa kozi ya kompyuta ya wiki moja, akarudi ameshafanywa mwalimu wa kompyuta. Ni mpole, lakini siku hiyo alivigonga vitufe kwa nguvu.

"Sogeeni," alituambia mimi na Bochaberi, maana sisi wawili ndio tuliokuwa tukimsaidia kuingiza alama. "Ndani ya hii mashine kuna sahani inayozunguka, na kuna kijisindano kinachosoma yaliyoandikwa juu yake. Sasa, kule kwetu marehemu babu yangu alikuwa na shamba moja. Akawagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao. Leo mimi nina kipande karibu na mto, kingine nyuma ya kanisa, na kingine kule kilimani. Nikitaka kulima, nusu ya siku inaishia kwa kutembea. Diski nayo ni hivyo. Ukiweka faili, ukalifuta, kisha ukaweka jingine lisilotosha pale palipoachwa wazi, mashine hulikata vipande na kuvitia popote penye upenyo. Siku ya kulifungua, kijisindano kinahangaika huku na huku kuokota vipande. Ndiyo maana Babu anakoroma hivi."

"Na dawa yake ni nini, Mwalimu?" Bochaberi aliuliza.

"Kuna programu humu humu ya kupanga upya diski. Inavikusanya vipande mpaka kila faili linakaa mahali pamoja. Haipotezi kitu, inahamisha tu. Mashine za kisasa zenye diski zisizo na sahani hazihitaji kazi hii, mtu akiifanya anazichosha bure. Lakini Babu ni wa zamani, kwake ni dawa kamili."

Akaiamuru programu ichunguze kwanza. Tukasubiri, hata maji hatukwenda kunywa. Majibu yalipotoka, Mwalimu alishika kichwa. Asilimia sitini na moja ya diski ilikuwa vipande vipande, na nafasi tupu ilikuwa asilimia mbili. Programu ilitaka angalau kumi na tano, la sivyo haianzi.

"Huwezi kupanga chumba kilichojaa mpaka mlangoni," alisema. "Lazima upate pa kuweka hiki huku unahamisha kile. Lakini kazi zenu zote, alama na picha, hazijazi hata robo ya diski hii. Nani amejaza mashine ya shule?"

Nilitazama sakafu.

Mwalimu alifungua folda moja baada ya nyingine asione kitu. Kisha akamgeukia Bochaberi. Muhula uliopita alimkuta akitazama filamu kwenye mashine ile, na jambo kama hilo halisahauliki shuleni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Bochaberi, umeficha wapi filamu zako?"

"Mwalimu, ile ilikuwa mara moja tu. Sijaweka kitu. Haki ya Mungu sijaweka."

"Toka nje. Kesho njoo na mama yako. Hutagusa mashine hii tena."

Bochaberi alinitazama. Alitaka niseme neno, neno lolote, maana mimi ndimi mwenye ufunguo na ninajua aliingia lini na kutoka lini. Sikusema. Alitoka huku analia, na mimi nikabaki nimeshika kitambaa cha vumbi.

Sasa niseme nilichokuwa nimekificha.

Hapa kwetu, harusini, kuna siku ya kupamba. Bi harusi huketishwa mbele ya wanawake, naye amerembwa kwa hina, nguo na dhahabu. Wanawake nao huvua mabuibui, wamejipamba na kusuka nywele, wakacheza ngoma yao. Hapo hapiti mwanamume. Simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni. Kamera ni moja tu, ya mwanamke anayeaminiwa na mji mzima, na mwanamke huyo ni shangazi yangu, Mwanaarabu, ambaye ninaishi naye. Mama za watu humwachia sura za binti zao kwa neno moja tu: amana.

Laptopu ya Shangazi iliharibika harusi zilipoanza kufuatana. Alikuwa akilia kwamba atawaambia nini watu. Nikamwambia asihofu, nitazikata na kuzinakili video kwa laptopu ya Sista Emily, muuguzi wa zahanati, mama yake Bochaberi. Mwanamke kwa mwanamke, hakuna neno. Shangazi alinikumbatia. Lakini Sista Emily sikumwomba hata siku moja, maana fahari ilinikataza kuazima na hali nina ufunguo wa Babu. Nilizitia video ndani ya Babu.

Nilijifunza kwa simu jinsi ya kuificha folda isionekane, nikajiona mjanja. Kila harusi nilijaza, nikafuta, nikajaza tena. Kumbe nilikuwa nikiikatakata diski kama shamba la ukoo wa Mwalimu, mpaka video za harusi tano zikaibana kabisa.

Usiniulize usiku ule nililalaje.

Alhamisi asubuhi Mwalimu alitutangazia darasani kwamba ameita fundi. Bwana Ndirangu, fundi wa kompyuta wa mji wa Amu, ng'ambo ya bahari, angekuja na boti ya saa sita maji yakijaa. "Ataifungua diski yote," alisema. "Hata kilichofichwa kitaonekana."

Darasa zima lilishusha pumzi. Isipokuwa mimi. Huyo fundi angefungua folda, na jambo la kwanza kuliona lingekuwa mama wa watu na binti za watu bila buibui wala mtandio, katika siku waliyoambiwa kwamba hapana jicho la mwanamume. Kisha angewaonyesha walimu. Kisha mji mzima ungejua, na kamera ya Shangazi isingeingia tena katika nyumba yoyote.

Niliomba ruhusa nikawashe mashine mapema. Nikajifungia ndani. Nilitaka kuzifuta zote, mambo yaishe. Nilipofika kwenye video ya Razan, mkono ulikataa. Razan aliolewa wiki mbili zilizopita akasafiri Omani na mumewe, na kadi ya kamera ilikwisha kutumika kwa harusi nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa nakala pekee. Mama yake alikuja nyumbani mara tatu kuiulizia. Nikifuta, nimepoteza amana. Nikiacha, nimeifichua. Nilijaribu angalau kuzifuta zile nyingine, lakini Babu aliganda, duara linazunguka tu kwenye kioo. Nililaza kichwa juu ya meza nikalia bila sauti.

Dirishani nilimwona Bochaberi. Alikuwa ameketi barazani nje ya ofisi, na mama yake amesimama kando yake akiwa na sare nyeupe ya zahanati. Sista Emily alikuwa akimwambia mwalimu mkuu, "Mwanangu ameniambia hakufanya, na mimi namwamini." Bochaberi alikuwa akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Hakuinua uso.

Kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia nilitoka mbio mpaka nyumbani. Nilimkuta Shangazi juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Mbona wahema hivyo? Kuna nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho, kwa fundi anayekuja, nikarudi nyuma mpaka kwenye laptopu ya Sista Emily. Mkono wake uliacha kukuna. Nilipomaliza alikuwa amekaa vile vile, nazi mkononi.

"Wasema zimo ndani ya kompyuta ya skuli," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mwalimu hutumia hiyo hiyo, kila siku."

"Hajaziona. Nimezificha."

"Hukuzificha. Umeziweka ndiani, apitapo kila mtu, ukafunika leso." Machozi yalimtoka, na mimi sikuwahi kumwona Shangazi akilia mbele yangu kwa sababu yangu. "Miaka kumi na moya naingia majumbani mwa watu na kamera yangu. Hakuna hata moya aliyenifungia mlango. Na weye umeniuza kwa jambo ambalo ungesema tu, Shangazi, sina mashine."

"Niliogopa utasikitika."

"Ndia ya muongo ni fupi, Swafiya. Haya, sasa wataka nini kwangu?"

Hapo ndipo nilipomwambia wazo pekee nililokuwa nalo. Shangazi alikuwa na diski ya nje, ile ya kuhifadhia, isiyotumika tangu laptopu iharibike. Video zikihamishiwa humo, amana itarudi mkononi mwake, na Babu atapata nafasi ya kupangwa. Lakini kuhamisha kungechukua saa nyingi, na mlango wa chumba ulikuwa wa Mwalimu Hesbon. Bila kumwambia ukweli haiwezekani.

Shangazi alinawa mikono, akavaa buibui, akatoa diski kabatini. "Ndoo, twende," alisema. "Kwa mwalimu utasema weye mwenyewe. Mimi sitakusaidia neno hata moya."

Tulimkuta Mwalimu Hesbon mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Nilisema yote, nikitazama viatu vyake. Nilipofika kwa Bochaberi, nilirudia mara mbili kwamba hakuwa na hatia.

"Mimi nimemfukuza yule mtoto," Mwalimu alisema. "Nimemfanya mwongo mbele yako. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

Shangazi akasema, "Bwana mwalimu, makosa ya huyu mtoto ni yangu pia, nilimwamini bila kuuliza. Nina ombi moya. Huyo fundi asiyaone mambo ya wanawake wa mji huu."

"Bi Mwanaarabu, nikimzuia fundi, na sisi tukashindwa, watoto thelathini na wanne wataandikiwa sufuri. Boti nyingine haiji mpaka maji yajae tena kesho mchana, na hapo tutakuwa tumechelewa. Mimi nilisoma haya mambo wiki moja tu."

"Nayajua hayo."

Mwalimu alitazama jengo la darasa letu, akanitazama mimi. Kisha akatoa simu. Bwana Ndirangu alikuwa bado yuko gatini Amu, akisubiri boti ijaze abiria. Nilimsikia Mwalimu akimwambia asije, akimwomba radhi, na kila neno lilinichoma. Alikuwa amejitia kwenye shida yangu kwa hiari yake.

"Ingieni," alisema. "Mimi nitakaa nje hapa, mgongo kwa mlango. Hakuna atakayepita."

Shangazi alitundika mtandio wake mkubwa dirishani, akaketi karibu nami. Nikaichomeka diski, nikaifungua folda. Babu alikoroma. Kunakili kulianza, kukasimama, kukaanza tena. Asilimia moja. Asilimia mbili. Nje tulimsikia Mwalimu akilifundisha darasa zima chini ya paa la baraza, amehamisha somo lote huko ili asiache mlango.

Saa sita boti iliingia bila fundi. Saa nane, zaidi ya nusu ya video zilikuwa zimepita. Niliinama nikamnong'oneza Shangazi ili nimfahamishe kwa nini inachukua muda hivi. "Ni kama juzuu za khitma, Shangazi. Juzuu thelathini zikiwa ndani ya sanduku moja, unazifungua na watu wanasoma. Lakini moja ikiwa kwa fulani, nyingine msikitini, nyingine imeazimwa mtaa wa pili, utazunguka siku nzima kabla khitma haijaanza."

Shangazi alitikisa kichwa kuonyesha amefahamu.

Kazi hiyo ilikwisha saa tisa. Shangazi alitaka kuona kila video imefika nzima, akaziangalia moja moja, mwanzo na mwisho, ya Razan mara mbili. Ndipo nikazifuta za ndani ya Babu. Mwalimu alipoingia, Shangazi alimuuliza kama zimeondoka kabisa.

"Bado kabisa," alisema. Nilifurahi kwamba hakumdanganya. "Ukifuta, mashine hupaona pako wazi tu. Mtu anayejua anaweza kuvirudisha vilivyokuwamo, mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Alama zikishakwenda, nitaziandika upya sehemu zote tupu mwenyewe. Kabla ya hapo hakuna fundi atakayeigusa."

Kisha akaniambia, "Nenda kwa Bochaberi. Usirudi bila kumwambia."

Nilimkuta nyumbani kwao kando ya zahanati, akianika nguo. Nilimwambia. Hakuniacha nimalize.

"Ulinitazama nikilia," alisema.

"Ndiyo."

"Mama ameacha wagonjwa kwa ajili yangu. Wanafunzi wote wanasema nimewaharibia mtihani. Na wewe ulijua."

"Nilijua. Nisamehe, Bochaberi."

"Sijui kama nitakusamehe." Alipachika nguo ya mwisho kwenye kamba, akavaa viatu. "Nakuja, lakini ni kwa ajili ya magunia yangu. Si kwa ajili yako."

Tulianza kupanga diski saa kumi. Sasa nafasi tupu ilitosha, na programu ikakubali. Lakini jua lilikuwa likishuka na betri ya sola haiwezi kubeba usiku. Asilimia tisa. Asilimia kumi na nne. Ilipofika ishirini na mbili, Mwalimu aliisimamisha kwa utaratibu, akamzima Babu.

"Tuiache ifike hata thelathini, Mwalimu," Bochaberi alimsihi.

"Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, faili linaweza kuharibika. Labda lako. Tukisimama wenyewe, kilichokwisha kupangwa kinabaki kimepangwa."

Ijumaa tulikuwa mlangoni kabla jua halijapanda, sisi wawili na Mwalimu. Asilimia thelathini na moja. Arobaini. Wanafunzi walikuwa wakichungulia na kuuliza, tukawajibu kwamba bado. Saa sita watu walikwenda kuswali, mji ukatulia, na sisi tumekodolea macho namba moja kwenye kioo. Hamsini na nane. Saa saba mawingu yakaanza kufunika. Taa ya betri iligeuka kutoka kijani kuwa ya manjano, nikasikia Bochaberi akiomba kwa sauti ndogo kwa lugha ya kwao.

Saa nane na nusu tulikuwa asilimia sabini na moja. Mwalimu alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. "Tukiendelea, betri itakwisha kabla hatujatuma," alisema. "Tukisimama, sijui kama kilichopangwa kinatosha. Semeni ninyi. Hizi ni alama zenu."

"Tusimame," Bochaberi alisema.

"Tusimame," nami nikasema.

Aliisimamisha, akamwasha Babu upya. Tulihesabu dakika. Moja. Mbili. Dakika ya tatu ilikuwa haijaisha, kioo kikafunguka. Programu ya alama, iliyotushinda asubuhi nzima ya Jumatano, ilifunguka kabla Mwalimu hajavuta kiti.

Bochaberi alisoma majina, mimi nikafungua picha, Mwalimu akatuma kwa intaneti ya simu yake. Watano. Kumi na mmoja. Tulipofika wa ishirini na sita, mtandao ulipotea. Mwalimu alipanda juu ya kiti na simu mkononi, akaiegemeza kwenye dirisha la juu, ukarudi. Taa ya betri ilikuwa nyekundu. Jina la mwisho katika orodha lilikuwa la Bochaberi mwenyewe, kwa sababu Mwalimu alilikata kwenye daftari lake siku ya Jumatano alipomfukuza, akaliandika tena chini kabisa. Picha nane. Zilipita moja moja. Saa tisa na dakika hamsini na mbili, kioo kiliandika kwamba zimepokewa, thelathini na nne kati ya thelathini na nne. Nusu dakika baadaye Babu alizimika.

Bochaberi alifunika uso akalia. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa. Yeye ndiye aliyenivuta mkono, akaushika.

Mwalimu Hesbon alifuta miwani kwa shati. Kwanza alimwambia Bochaberi, "Nilikuhukumu bila ushahidi. Jumatatu nitasema hivyo mbele ya paredi nzima, na mama yako nitamwendea leo." Kisha akanigeukia. "Swafiya, wewe una akili ya mashine kuliko mimi. Ndiyo maana umetuumiza kuliko ambavyo mjinga angetuumiza. Shangazi yako ulimpa kipande kimoja cha uwongo, mimi ukanipa kingine, Bochaberi ukampa kimya. Kila mmoja akawa na kipande chake, na hakuna aliyeweza kuliona jambo zima, hata wewe. Siku ulipokusanya vipande mahali pamoja, jambo likatengenezeka. Ni kazi ya saa nyingi, na inauma, lakini haina njia nyingine."

Niliweka ufunguo mezani kabla hajauomba. Aliutia mfukoni.

Nilipofika nyumbani, Shangazi alikuwa amekaa mlangoni na ile diski pajani, ameifunga ndani ya kitambaa. Nilimwambia alama zimekwenda zote. Alisema alhamdulillahi. Nikamuuliza kama sasa mambo yamekwisha.

"Ya skuli yamekwisha," alisema. "Ya mji hayajaanza. Kuna nyumba tano zilizoniamini, na kila moya ina haki ya kujua sura ya binti yake ilikuwa wapi muda wote huu."

"Lakini hakuna aliyeona, Shangazi. Tukinyamaza hawatajua."

"Amana si kwamba mtu asijue. Amana ni kwamba mwenyewe akiuliza, umwambie. Watu wakinifungia mlango, wanifungie kwa jambo la kweli." Alisimama, akavuta buibui lake kichwani. "Twaanza kwa mama yake Razan. Utabisha hodi weye, na utasema weye. Mimi nitakuwa nyuma yako."